Kutoka Keko mpaka Hai: nimezunguka kuyatazama makongano ya viwanda vidogo

Jumatatu, Dar es Salaam

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa Dodoma tunasikia neno kongano. Kongano la alizeti, la ngozi, la samani, la mwani. Afu ukienda kwenye hayo makongano yenyewe unakuta watu wako bize na kazi zao na wengine hata hawajui kama wana jina hilo. Kwa lugha ya kawaida ni viwanda vidogo vingi vya kazi moja au kazi zinazoshikana, vimekaa eneo moja, vinauziana, vinaazimana vifaa, vinanyang'anyana mafundi, na karibu yao kuna chuo au taasisi ya utafiti, na kuna serikali. Nimeamua kuzunguka mwenyewe na kumuuliza kila nitakayemkuta swali moja: kitu gani serikali imekupa ambacho kikiondolewa kesho asubuhi utaumia? Ahadi nimezisikia za kutosha, nataka kujua kitakachouma.

Nimeanzia Keko kwa mafundi samani. Randa na misumeno inalia toka asubuhi, vitanda na makabati yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Keko imejijenga yenyewe kwa mtu kumfuata mwenzake, mwenye randa akawa anawarandia wengine kwa malipo, muuza vanishi akaja, muuza bawaba na vitasa akaja, wachongaji wakawa na kona yao, na leo fundi asiye na mashine hata moja anaweza kutoa kitanda kizima kwa kupitisha mbao zake kwenye mikono ya watu wanne watano humo humo mtaani. Hiyo ndo nguvu yenyewe na ilianza bila semina ya mtu.

Nimemkuta mzee mmoja anapiga msasa, nikampa shikamoo, nikamuuliza swali langu. Hakujibu swali, alijibu kinachomuuma tayari. "Kijana wangu, mbao zinakuja mbichi." Akanionyesha mlango wa kabati umejikunja, umerudishwa na mteja. Kitanda kinapendeza siku ya kuuza, miezi ikipita mbao inakauka ikiwa ndani ya nyumba ya mtu, inapasuka, mteja anarudi na maneno, na mteja mwingine harudi kabisa, anaenda kununua ya kwenye kontena. Dawa inajulikana, ni tanuri la kukaushia mbao. Lakini fundi mmoja hawezi kulinunua, na hata akilinunua hana mbao za kulijaza, litamfilisi. Keko nzima ikiwa na moja au mawili, yanajaa kila wiki na kila mtu analipia mbao zake tu.

Naomba mtu asiruke hapo, maana ndo kiini cha kila kitu nilichokuja kutafuta. Kuna vitu ambavyo kila fundi anavihitaji na hamna fundi hata mmoja anayeweza kuvimiliki peke yake. Soko halivileti kwa sababu hakuna mteja mmoja wa kuvinunua. Serikali ikitaka kusaidia, nafasi yake iko hapo, wazi kabisa.

Kijana wa meza ya jirani ndo kanijibu swali. "Oda, kaka." Anasema kipindi cha kampeni ya madawati mwaka 2016 alipata kazi mfululizo, akanunua mashine yake ya kwanza, na tokea hapo anajua hakuna mteja mkubwa kama serikali. Sheria ya manunuzi inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, na saivi zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Yeye bado hajaingia maana lazima wawe kikundi kilichosajiliwa na wenzake wanaogopa kodi. Nimemwambia hilo la kusajili wasilicheleweshe, bora wakae wahesabu kodi yenyewe ni kiasi gani kuliko kuogopa kitu wasichokijua.

Jumanne, Jambiani

Boti ya asubuhi, kisha daladala ya 309. Nimefika bahari imetoka mbali sana, ni bamvua, na kina mama wako ndani huko na kamba zao, unawaona wadogo kabisa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na leo wakulima wanazidi 20,000, wengi wao wanawake. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa moja, unafunga mbegu kwa tai-tai kwenye kamba, unasubiri, unavuna, unaanika, unamuuzia kampuni kwa kilo, mwani unapakiwa kwenda nje kukamuliwa ute unaoitwa karajinani, unaowekwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Aliyekuwa akilima hakuwahi kuona mwisho wa kitu anacholima.

Mwaka 2006 ndo likaja wazo la kongano. Ulikuwepo mpango wa kitaifa uliokuwa ukiratibiwa na watu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sweden ikitoa pesa kupitia shirika lake la Sida, wakachagua makongano machache ya kuanzia, na mwani wa Zanzibar ukawa mmojawapo. Aliyeusimamia ni Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akaanzisha Zanzibar Seaweed Cluster Initiative. Kwa mtazamo wangu huu ndo mfano bora tulionao nchi nzima, na sababu yake kubwa ni kwamba mtafiti alikaa. Hakuja kuchukua data akaondoka. Wakulima wakafundishwa kuusaga mwani unga, kutengeneza sabuni, krimu na mafuta, na maji ya bahari yalipozidi kuwa na joto na ile aina ya kotonii yenye bei nzuri ikaanza kufa, wakajaribu pamoja kulima kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija badala ya kamba za vigingi.

Nimekaa na bibi mmoja kwenye kikundi chao, chumba kinanuka karafuu na mchaichai, sabuni zimepangwa kwenye rafu. Swali langu kalijibu bila kufikiria. "Mashine ya kusagia, mwanangu. Hiyo wakiichukua tumekwisha." Akaeleza kwamba mwani mkavu ni mgumu na una chumvi, ukiupeleka kwenye kinu cha mahindi cha mtu hakubali, anasema unamharibia. Kinu cha kwao kinatumiwa na vikundi kadhaa, kila kikundi kina siku yake. Akaongeza la pili, "na mtu wa kumpigia simu." Mwani ukipata maradhi ya kuwa mweupe na kukatika vipande, wanayo namba ya mtaalamu. Siye tulikuwa hatuna mtu, anasema, unaamka umekatika wote, unalia tu.

Tangu 2020 Zanzibar ina wizara kamili ya Uchumi wa Buluu na serikali imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe kule Pemba. Ninalifurahia hilo kwa moyo wote, mwani kusindikwa nyumbani tumeusubiri zaidi ya miaka 30. Ninachoomba ni kimoja, kiwanda kikubwa kisije kikavifanya vikundi hivi virudi kuwa wauzaji wa mwani mkavu kwa mnunuzi mwingine mpya. Viachwe na vinu vyao, na bei ya kilo ipangwe nao wakiwepo mezani.

Jumatano, njiani

Boti ya kurudi, afu moja kwa moja stesheni. Treni ya SGR, reli ya kisasa, ya Dar na Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai. Kwa mtu anayefuatilia mafundi hili ni badiliko kubwa, fundi wa Moro anaweza kwenda kutafuta chuma Dar na kurudi siku hiyo hiyo akalala kwake. Nimefika usiku, nimelala.

Alhamisi, Morogoro

Huwezi kuongelea viwanda Morogoro ukaruka kiwanda cha viatu. Kilijengwa kwa pesa ya Benki ya Dunia, miaka ile ya mipango mikubwa, hesabu ikiwa kwamba viatu vingi vitauzwa Ulaya. Hakikuwahi kufika hata asilimia 10 ya uwezo wake. Jengo lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, Morogoro hii na joto lake. Mashine zikiharibika hamna spea, ngozi haifiki kwa kiwango kinachotakiwa, na mwaka 1990 kikafungwa. Nimekitaja kwa sababu kinafundisha kitu kwa upande wa pili. Kiwanda kile hakikuwa na majirani. Hakukuwa na mtu wa soli, mtu wa gundi, mtu wa kukereza spea, mtu wa kutengeneza pampu. Kilishushwa kizima kutoka nje na kilipokwama hakukuwa na mtu wa karibu wa kukikwamua.

Mafundi chuma wa Morogoro wamekuja kwa njia nyingine. Wanatengeneza mashine za kukoboa, kusaga, kufyatua matofali, kukata majani ya mifugo, na wateja wao wako hapo hapo, wakulima wa Kilosa, Mvomero, Ifakara. Nao walikuwa kwenye ule mpango wa mwaka 2006 kama kongano la ufundi chuma. Fundi mmoja mwenye karakana yake ananisimulia kilichobadilika zamani zile wakati wanaanza: kila fundi alikuwa ananunua mashine ya mwenzake, anaifungua, anaiga, hata kosa analiiga. Mtu wa kwanza akikosea kipimo cha puli, Moro nzima inakosea. Walipoanza kukaa pamoja na wahandisi wa chuo wakachora mchoro mmoja, wakakubaliana huyu anatengeneza fremu, huyu anakereza shafti, huyu anasuka vichujio. Oda ya mashine nyingi ambayo mtu mmoja angeikataa wakawa wanaweza kuichukua.

Nikamuuliza sasa hivi ikoje. Akanyamaza kidogo, akaendelea kufuta mikono na tambara. Vikao vimepungua, anasema, aliyekuwa anaviitisha hayupo tena, mradi uliisha. Mafundi wapo, mashine zipo, michoro ipo. Kilichoondoka ni yule mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupiga simu, kukumbusha, kutafuta oda, kumpeleka mhandisi karakana, kusuluhisha nani kamwibia mteja nani.

Nimelifikiria hili jioni nzima. Kwenye bajeti za serikali utaona mistari ya majengo, mashine, mafunzo, mikopo. Mshahara wa mratibu wa kongano, mtu wa kukaa miaka kumi na kundi moja la mafundi akawajua kwa majina na kwa ubovu wa mashine zao, ni ngumu kuuona. Unaonekana ni matumizi ya kawaida, hauna jiwe la msingi la kuzindua. Na mimi naamini huo ndo mshahara wenye faida kuliko jengo lolote, kwa sababu pesa ya wafadhili ina tarehe ya mwisho na kongano halina.

Swali langu la kawaida kalijibu hivi: "mashine kubwa ya kukereza ya SIDO." SIDO ni shirika la serikali la viwanda vidogo. Kuna shafti ndefu ambazo mashine yake haizimudu, anazipeleka huko, analipa, anarudi nazo. Ikiondoka hiyo anarudi kupanda gari kwenda Dar na vyuma begani.

Ijumaa, Dodoma

Siku ya ofisi, nitaipita haraka. Ofisi moja wameniambia nirudi na barua, nyingine nimepokelewa vizuri sana na nimeondoka na makabrasha ya kutosha.

Kwa asiyejua historia, SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. TIRDO ya utafiti wa viwanda ikaja 1979, TEMDO ya usanifu wa mitambo 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo 1981, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, 1986. Ukizitazama hizo tarehe unaona nchi iliyokuwa imeshajua inahitaji nini, ilijenga vipande vyote ndani ya miaka kumi na kitu. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 nayo iliweka vipimo, mtu mmoja mpaka wanne ni kiwanda kidogo sana, watano mpaka 49 ni kidogo, 50 mpaka 99 ni cha kati. Karibu kila niliyekutana naye safari hii yuko kwenye kundi la kwanza.

Pesa inayowafikia watu wa kundi hilo mara nyingi ni mkopo. Kuna NEDF, mfuko wa wajasiriamali ulio chini ya SIDO tangu miaka ya 90, na kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ile iliyowekwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Mikopo hii imewainua watu, nimeyaona kwa macho. Ila tazama kinachotokea kwenye mtaa wa mafundi ishirini: wote wanakopa kidogo kidogo, wote wananunua mashine ile ile ya kuchomelea na grainda ile ile, na hakuna hata mmoja anayenunua kitu kinachokosekana mtaani. Baada ya mwaka kuna wachomeleaji wengi zaidi wanaogombea milango na madirisha yale yale. Mkopo wa asilimia 10 ungeweza kwenda kwa mtaa mzima kama mtaa, kwa tanuri moja, kwa mashine moja kubwa yenye kitabu cha zamu. Mama mmoja afisa maendeleo nilipomwambia hivyo alikubali, akasema shida ni nani atasaini. Hilo ni swali la kweli, na jibu lake liko kwenye kuwasajili mafundi kama ushirika au kampuni ya pamoja mapema, kabla pesa haijafika.

Jumamosi, Singida

Hapa ndo penyewe. Ukiingia mjini tu harufu ya mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, inakupokea, chupa za mafuta zimepangwa barabarani, magunia ya alizeti yamepandana mpaka juu. Mwaka 2021 serikali iliichagua Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti na mbegu zikagawiwa kwa unafuu. Kabla ya hapo, bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje, asilimia 25 kwa ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, viwanda vidogo vya hapa vikapumua. Afu 2023 bei ya alizeti ikaanguka, wakulima wakalalamika sana, na unafuu uliokuwa umetolewa kwa mafuta ya nje ukawa unatajwa kama sababu kubwa. Mama mwenye kiwanda kidogo nilichokitembelea ananiambia mwaka ule aliwaona wakulima wakigeuza mashamba yao kuwa ya mazao mengine, na msimu uliofuata mashine zake zilikaa muda mrefu bila mbegu.

Nasema hili kwa uzito wote. Kuipa mikoa mitatu mbegu kwa mkono mmoja na kuyapa mafuta ya nje unafuu kwa mkono mwingine ni kuwavunja moyo watu walewale. Najua bei ya mafuta mjini ilikuwa imepanda na watu wanataka kula. Lakini mwenye kiwanda anakopa kwa kuangalia miaka mitano mbele, ushuru ukibadilika kila bajeti hawezi kuweka mashine ya kusafishia mafuta, atabaki na mashine ya kukamulia na ndoo.

Swali langu kalijibu haraka: nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Kuna utaratibu kwamba mjasiriamali mdogo akipata barua ya SIDO, TBS inampimia na kumpa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kabla ya hapo mafuta yake yalikuwa ya barabarani tu, dereva anasimama, ananunua, anaondoka. Sasa yanaingia dukani na kwenye shule. "Ile barua, dada yangu wa SIDO aliniandikia siku hiyo hiyo, mpaka leo namwombea." Ona sasa, karatasi moja. Haijajengewa ukuta wala haikuzinduliwa na kiongozi, na ndo kitu ambacho kikiondoka kesho biashara yake inarudi barabarani.

Ila kuna jambo lingine kanionyesha ambalo halijanitoka. Ndani ya mashine ya kukamulia kuna skrubu nene ya chuma inayozunguka na kuzisukuma mbegu mpaka zitoe mafuta. Alizeti ina maganda na mchanga, skrubu inalika. Ikishalika nafasi inakuwa kubwa, mbegu zinapita bila kubanwa sawasawa, na mafuta yanabaki kwenye mashudu. Akachukua mashudu kidogo akayafinya, kidole kikang'aa. "Hii hela yangu anakula kuku," anasema. Skrubu mpya inakuja na mashine kutoka China, spea yake inachukua muda kufika na msimu haukusubiri. Mafundi wa hapa mjini wanazijaza kwa kuchomelea na kuzisaga, zinaingia kazini, zinalika tena upesi kwa sababu chuma hakikufanywa kigumu. Inatakiwa chuma cha aina yake, kipashwe moto kwa kiwango maalumu, kizamishwe kwenye oili, kipimwe ugumu. Singida nzima hajui wa kumpelekea. Nimeipiga picha ile skrubu na nimechukua vipimo vyake, urefu, unene, na umbali wa meno.

Jumapili

Basi la Arusha kupitia Babati. Lami nzuri njia nzima, mlima Hanang kushoto kwangu muda mrefu. Nimelala zaidi ya nilivyoandika.

Jumatatu, Arusha

Arusha ina utajiri ambao hata wenyeji hawautangazi. TEMDO iko hapa, CAMARTEC iko hapa, Chuo cha Ufundi kiko hapa, Taasisi ya Nelson Mandela iko upande wa Tengeru. TEMDO miaka ya karibuni imejikita kwenye vifaa vya hospitali, vitanda, majokofu ya kuhifadhia maiti, viteketezi vya taka, vitu ambavyo tulizoea kuagiza nje, na inayo michoro ya mashine za kusindika alizeti pia. CAMARTEC ndo wanaopima zana za kilimo na ndo waliosambaza mitambo ya biogesi majumbani.

Hiyo ya biogesi naipenda sana kama mfano. Ulipoanza mpango wa kitaifa wa biogesi, mtambo ule wa kuba uliokuwa umesanifiwa na CAMARTEC walifundishwa waashi wa kawaida, wakapewa vipimo, wakarudi mikoani kwao kuwajengea watu na kulipwa na wateja. Nimekutana na mwashi mmoja Usa River ambaye mpaka leo anaishi kwa kazi hiyo. Anasema cheti kilimpa kazi mwanzo, lakini kinachomuweka ni kwamba akikwama anajua anamuuliza nani. Ni maneno karibu yale yale ya bibi wa Jambiani, na hawa wawili hawajuani.

Utafiti uliotoka nje ya geti namna ile ndo ninaoutaka kwenye skrubu ya alizeti. Mchana nimewaonyesha picha mafundi wa karakana moja mtaa wa Unga Limited. Wameitazama, wameijadili, mmoja akasema kukereza meno yake si tatizo, tatizo ni ugumu, na akaniambia pa kwenda ni Moshi.

Jumanne, Moshi na Hai

Upande wa Hai ndo kilipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa miaka ya 80 kwa msaada wa Bulgaria ili nchi iweze kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Kiko chini ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, kilipitia miaka mirefu ya usingizi na kazi ya kukifufua imehusisha kuweka tanuru la kuyeyushia chuma. Wengi wanakiona kama gofu la enzi ya Mwalimu. Mimi nakiona kama kile kipande ambacho mafundi wa Keko, Moro na Singida hawawezi kukimiliki peke yao hata wakichanga maisha yao yote. Nchi yenye mafundi chuma wengi hivi na matanuru machache hivi itaendelea kununua spea ya skrubu kutoka mbali.

Fundi niliyeelekezwa ana karakana yake Moshi mjini, mzee mtulivu, alishafanya kazi kwenye viwanda vya umma kabla ya kujiajiri. Ameangalia picha kwa muda, ameuliza mashine inatumia mota ya nguvu gani, wanakamua mbegu zilizopashwa moto au za baridi, wanachekecha mchanga au hawachekechi. Maswali ambayo Singida hakuna aliyewahi kuwauliza. Akasema picha haitoshi, anataka iliyolika yenyewe aishike, akate kipande apime.

Nimempigia yule mama hapo hapo, nikawapa simu waongee. Wameongea muda mrefu kuliko nilivyotegemea, nusu ya mazungumzo ilikuwa juu ya mchanga kwenye magunia. Wamekubaliana atume skrubu mbili za zamani kwa basi la kesho, fundi atatengeneza moja kwanza, mama atalipia chuma na nauli, ufundi watalipana ikishafanya kazi msimu mzima. Mama ameshawaambia wenzake wenye mashine za aina hiyo hiyo na wanasubiri kuona. Nimeipeleka namba ya fundi SIDO pia, nimeomba wakitengeneza mchoro wa mwisho uhifadhiwe pale ili fundi mwingine yeyote wa Singida au Dodoma auchukue, na dada aliyenipokea ameandika jina na namba kwenye daftari lake na ameomba apigiwe siku mzigo ukifika ili aende kuona upimaji.

Basi lenye skrubu linaingia Moshi kesho saa kumi na moja jioni.